Kikohozi cha mtoto: Chai ya tangawizi ina kazi gani hasa?
(Sehemu ya pili)

Wiki iliyopita tulianza mfululizo huu kwa kuyaangalia mafua ya watoto: virusi vinavyoyaleta, sababu ya mtoto mdogo kuyapata mara sita hadi nane kwa mwaka bila kuwa na kasoro yoyote mwilini, na kwa nini antibayotiki hazifui dafu mbele ya virusi. Niliahidi kwamba leo tutaingia jikoni.

Gazeti halikumaliza siku mbili mtaani kabla sijapata ujumbe wa mama mmoja kijana. Baada ya shikamoo akanieleza kwamba mwanawe ana miaka mitatu, anakohoa usiku wa nne sasa, koo linamuuma na chakula anakataa. Mama mkwe anamwambia amchemshie mtoto tangawizi na mchaichai. Jirani anasema hicho ni kimeo, ampeleke akakatwe. Mume ameleta chupa ya dawa ya kikohozi kutoka duka la dawa. Amsikilize nani?

Marahaba, mwanangu. Swali lako limebeba watu watatu, na wote watatu wanampenda mtoto. Lakini mapenzi peke yake hayatoshi mtoto anapoumwa. Yanahitaji kuongozwa na ujuzi. Leo nitakujibu wewe, na kupitia kwako niwajibu wazazi wengi wanaokesha na swali hilohilo.

Kikohozi ni mlinzi

Tuanze na kikohozi chenyewe. Virusi vya mafua vikiingia puani na kooni, utando laini wa njia ya hewa huvimba na kutoa ute mwingi. Ute ule ukishuka kooni, hasa mtoto anapolala chali, mishipa ya fahamu huushtukia, na mwili husukuma hewa kwa nguvu ili kuusafisha. Huko ndiko kukohoa. Mtoto asiyeweza kukohoa angejaa uchafu mapafuni. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya kutibu kikohozi, nia isiwe kumnyamazisha mlinzi huyu kwa nguvu. Nia iwe kumpunguzia mtoto maumivu na muwasho, anywe, ale, alale, huku mwili wake ukifanya kazi ya kuvishinda virusi.

Kazi hiyo huchukua muda. Homa na maumivu ya koo kwa kawaida hupungua ndani ya siku chache, lakini kikohozi huchelewa kuaga. Kwa watoto wengi huisha ndani ya wiki mbili, na wapo ambao huwachukua hata tatu. Shika jambo hili vizuri, kwa sababu ndilo ufunguo wa yote yatakayofuata. Kitu chochote utakachompa mtoto siku ya nne, kiwe chai, chupa ya dukani au wembe wa mkata kimeo, kitaonekana kimemponya siku ya kumi, hata kama hakikufanya lolote. Sifa nyingi za tiba zimejengwa juu ya siku hizo sita.

Kilichomo kikombeni

Je, chai ya mama mkwe nayo inapewa sifa ya bure? La. Ina kazi ya kweli, ila kazi hiyo ina mipaka.

Kazi ya kwanza inafanywa na maji ya uvuguvugu yenyewe. Mwaka 2008 watafiti wa kituo cha mafua cha Chuo Kikuu cha Cardiff, huko Wales, walichapisha jaribio la watu wazima 30 wenye mafua. Waliwapa kinywaji kilekile cha matunda, wengine kikiwa cha moto, wengine kikiwa na joto la kawaida la chumba. Pua hazikuzibuka zaidi kwa kundi lolote zilipopimwa kwa mashine. Lakini waliokunywa cha moto walieleza kupata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo ikadumu: kikohozi, chafya, maumivu ya koo, kuhisi baridi na uchovu. Waliokunywa kisicho cha moto walipata nafuu ya kamasi, chafya na kikohozi, lakini si ya koo wala ya uchovu.

Kazi ya pili inafanywa na ladha. Utamu, ukali na uchachu huamsha mate na ute mwepesi, navyo hulipaka koo lililochubuka kama mafuta yanavyopaka bawaba kavu. Hapa ndipo tangawizi, limau, iliki na mdalasini zinapoingia. Ukali wa tangawizi mbichi unatokana na kemikali iitwayo jinjeroli, na harufu ya mchaichai inatokana na sitrali, ambayo imo pia katika maganda ya limau. Kemikali hizi zimechunguzwa sana katika maabara, na baadhi zimeonyesha uwezo wa kupunguza uvimbe. Lakini kilichoonekana katika bakuli la maabara si lazima kitokee katika koo la mtoto aliyekunywa nusu kikombe. Mwenye kukuambia kwamba tangawizi inaua virusi vya mafua mwilini anakwenda mbali kuliko ushahidi.

Kazi ya tatu ni ya asali, na hapa ushahidi una uzito zaidi. Mwaka 2007 daktari wa watoto Ian Paul na wenzake, huko Pennsylvania nchini Marekani, waliwachunguza watoto 105 wa kuanzia miaka miwili waliokuwa wakikohoa usiku kwa sababu ya mafua. Wengine walipewa asali kabla ya kulala, wengine dawa ya kukata kikohozi, wengine hawakupewa kitu. Wazazi wa watoto wa asali ndio walioeleza nafuu kubwa kuliko wote. Mwaka 2012 watafiti wa Israeli wakarudia jambo hilo kwa watoto 300 wa mwaka mmoja hadi mitano, wakilinganisha aina tatu za asali na sharubati ya tende, na asali ikashinda tena. Kisha mwaka 2018 jopo la watafiti wa Calabar, Nigeria, likiongozwa na Olabisi Oduwole, lilizikusanya tafiti sita zenye watoto 899. Hitimisho lao lilikuwa la watu makini: asali huenda inapunguza kikohozi kuliko kutompa mtoto kitu, na huenda haipitwi sana na dawa za dukani.

Dr. Paul huyohuyo alifanya jaribio jingine, lililochapishwa mwaka 2014, ambalo kila mzazi angefaa kulijua. Safari hii watoto walikuwa wapatao 120, wenye umri wa kuanzia miezi miwili hadi karibu miaka minne. Kundi moja lilipewa maji matamu ya mmea uitwao agave, kundi la pili maji yaliyotiwa rangi na ladha tu, kundi la tatu halikupewa kitu. Makundi mawili ya kwanza yalielezwa na wazazi kuwa yalilala vizuri kuliko la tatu, na baina yao hapakuwa na tofauti. Maana yake ni nini? Ni kwamba mkono wa mzazi unaoinuka usiku, kuchemsha, kupooza na kunywesha, ni sehemu ya nafuu. Mtoto hutulia, na mzazi naye hutulia. Siliandiki hili kwa kuidharau chai. Nafuu ile ni nafuu kweli, na haikuhitaji sumu yoyote kupatikana.

Jijini Nairobi, ukiagiza kinywaji cha moto cha tangawizi, limau na asali mgahawani, huitwa kwa jina moja tu: dawa. Ni jina zuri, na nimelipenda siku zote. Ila ningependa tuelewane maana yake. Ni dawa ya kutuliza, si dawa ya kuponya.

Namna ya kuiandaa

Kwa mtoto aliyetimiza mwaka mmoja, chukua vikombe viwili vya maji safi. Osha majani mawili au matatu ya mchaichai, uyafunge fundo. Menya kipande cha tangawizi kisichozidi ncha ya kidole chako cha mwisho, ukiponde kidogo. Ukipenda, ongeza punje moja ya iliki. Chemsha taratibu kwa dakika kumi hivi, epua, funika, kisha chuja kwa kichujio chenye matundu madogo, kwa sababu nyuzi za tangawizi humpalia mtoto. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili, mchaichai peke yake unatosha. Ukali wa tangawizi ni mkubwa kwa ulimi wake.

Iache ipoe mpaka ukidondoshea tone kwenye kifundo cha mkono wako usihisi moto. Hapo ndipo utie asali: nusu kijiko cha chai kwa mtoto wa chini ya miaka sita, kijiko kimoja kwa wa miaka sita hadi kumi na mmoja. Matone machache ya limau au ndimu yanaruhusiwa, lakini kama koo limechubuka sana yaache, yatamchoma. Mpe kidogo kidogo, robo hadi nusu kikombe kwa mara moja, na mara ya mwisho iwe kama nusu saa kabla ya kulala. Kisha msafishe meno, maana asali nayo ni sukari.

Usitie majani ya chai. Chai ya rangi huzuia mwili kuyapata vizuri madini ya chuma yaliyomo katika maharage, mboga za majani na nafaka, na watoto wetu wengi tayari wana upungufu wa damu. Chai ya viungo kwa mtoto iwe ya viungo tu.

Asiyepaswa kunywa, na kisichopaswa kunyweka

Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji chai yoyote, hata ya mchaichai, hata kijiko kimoja. Dawa yake ya koo ni ziwa la mama. Mnyonyeshe mara kwa mara zaidi kuliko siku za kawaida.

Mtoto ambaye hajatimiza miezi kumi na miwili asipewe asali kwa namna yoyote ile. Asali, hata iliyo safi kabisa kutoka mizinga ya Tabora au Kitui, inaweza kuwa na mbegu za bakteria waitwao Clostridium botulinum. Tumbo la mtu mzima huzishinda. Katika utumbo wa mtoto mchanga huota na kutoa sumu inayolegeza misuli: mtoto hukosa choo, kilio kinafifia, anashindwa kunyonya, shingo inalegea, na mwishowe misuli ya kupumua inaweza kusimama. Ugonjwa huu ulitambuliwa kwa mara ya kwanza huko Marekani mwaka 1976. Usijitetee kwamba asali uliichemsha. Mbegu hizo hazifi katika maji yanayochemka.

Mafuta ya karafuu, ya mkaratusi na ya mnanaa yanayouzwa katika vichupa vidogo si chai. Ni nguvu ya mmea mzima iliyokamuliwa ikawa matone, na matone hayo yakinywewa na mtoto yanaweza kumletea degedege au kumharibu ini. Mafuta ya mwarobaini nayo yameshawadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa kwa nia njema. Punje mbili za karafuu katika sufuria ni kiungo. Kijiko cha mafuta yake ni sumu.

Juu ya kujifukiza nitasema waziwazi: usimfunike mtoto shuka juu ya sufuria ya maji yanayotokota. Sufuria hupinduka, na kuungua kwa maji ya moto ni janga kubwa kuliko mafua yoyote. Kama pua imeziba, tia matone ya maji safi yaliyochemshwa na kutiwa chumvi kidogo, yakiwa yamepoa, kisha mfute.

Na mnunuapo dawa za mitishamba zilizofungashwa, ulizeni usajili. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu mwaka 2002, na baraza lake husajili waganga na dawa zao. Unga usio na jina, usio na kipimo, unaosemwa kutibu kikohozi, pumu, kifua kikuu na nguvu za kiume kwa pamoja, usiingie kinywani mwa mtoto.

Chupa ya dukani

Sasa turudi kwa mume aliyeleta chupa. Amefanya kama baba yeyote angefanya, lakini dawa nyingi za maji za kukata kikohozi hazijathibitika kuwasaidia watoto wadogo, na baadhi zinawadhuru. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya zisitumiwe kwa watoto wa chini ya miaka miwili. Zile zenye kodeini hazifai kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka kumi na miwili, kwani zinaweza kumzuia kupumua.

Lipo na jambo zito zaidi. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari baada ya zaidi ya watoto 60 kufariki nchini Gambia kwa figo kushindwa kufanya kazi, vifo vilivyohusishwa na dawa za maji zilizokutwa na kemikali za viwandani, dayethilini glikoli na ethilini glikoli. Aprili 2024 nchi kadhaa za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwamo, ziliagiza kuondolewa sokoni kwa toleo moja la dawa ya kikohozi ya watoto baada ya vipimo vya Nigeria kukuta kemikali ya aina hiyo. Sisemi kila chupa ni sumu. Nasema kwamba kwa kikohozi cha mafua, faida ya chupa ni ndogo mno kuiingilia hatari. Shirika hilohilo la Afya Duniani, katika kijitabu chake cha mwaka 2001 juu ya dawa za kikohozi kwa watoto wadogo, lilishauri dawa nyepesi za kulainisha koo, ambazo kila jiko linazo.

Kimeo hakina kosa

Jirani naye nimjibu kwa heshima. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Koo likishambuliwa na virusi, nacho huvimba na kurefuka, kama ngozi yoyote inavyovimba. Mtu akimfunua mtoto kinywa akakiona kirefu, hudhani amempata mwizi. Kumbe kimeo ni jirani aliyeungua katika moto ulioanzia nyumba nyingine.

Kukikata hakuondoi virusi, hakutibu pumu, hakutibu nimonia wala kifua kikuu. Kunachofanya ni kufungua kidonda mahali palipojaa mishipa ya damu, kwa chombo ambacho pengine kimeshapita katika vinywa vingine. Watoto wamevuja damu mpaka wakaishiwa, wamepata pepopunda, wamepata usaha na sumu ya damu. Na wale waliopona, walipona kwa sababu siku zao za mafua zilikwisha. Wengine waliokuwa na nimonia walipotezewa siku zile mbili tatu ambazo zingewaokoa. Tafadhali, asikatwe mtoto yeyote.

Kazi ya mzazi wakati chai inapoa

Dalili ya mvua ni mawingu. Chai inampa mtoto nafuu na inakupa wewe muda, na muda huo una kazi yake: kumtazama mtoto anavyopumua.

Mtoto akiwa ametulia au amelala, mfunue kifua, tazama saa, uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Kwa wa miezi miwili hadi kumi na miwili, ni 50 au zaidi. Kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni 40 au zaidi. Hivi ndivyo vipimo anavyovitumia mhudumu wa afya katika zahanati yako, na havihitaji mashine. Tazama pia kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi, au kama anakoroma kwa sauti kali akiwa ametulia. Ukiona lolote kati ya hayo, weka kikombe chini, mbebe mtoto uende kituo cha afya. Hiyo inaweza kuwa nimonia, na nimonia haisubiri tangawizi.

Nenda haraka vilevile kama mtoto hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamki vizuri. Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa asitibiwe nyumbani kabisa. Na kikohozi kikizidi siku 14, usibadilishe viungo vya chai. Nenda akapimwe pumu na kifua kikuu.

Maumivu ya koo yana hila yake. Kikohozi na kamasi vikiandamana na koo, mara nyingi ni virusi. Lakini mtoto wa miaka mitano hadi kumi na mitano mwenye koo linalouma ghafla, homa, tezi za shingo zilizovimba na usaha kwenye mafindofindo, huku hakohoi wala hana kamasi, huenda ana bakteria waitwao streptokoka. Hao wasipotibiwa, wiki chache baadaye kinga ya mwili inaweza kugeuka na kushambulia vali za moyo. Katika Afrika Mashariki wapo vijana wanaofanyiwa upasuaji wa moyo kwa sababu ya koo la utotoni ambalo hakuna aliyelijali. Penisilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu, huzuia hayo ikitolewa na mhudumu wa afya na ikamalizwa dozi yake. Hapa antibayotiki ina kazi, na hapa chai haitoshi.

Tena, kikohozi kibaya zaidi ni kile kinachozuilika. Chanjo wanazopewa watoto wetu katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zinawakinga na kifaduro, dondakoo na aina kubwa za nimonia. Fungua kadi ya mwanao leo uitazame.

Basi, mwanangu uliyeniandikia, jibu langu ni hili. Msikilize mama mkwe, umwambie asante, na uipooze vizuri chai yake. Chupa irudishe dukani ukamuulize mfamasia. Jirani umuonyeshe makala hii. Usiku wa leo, mtoto akishasinzia, mhesabie pumzi. Zikiwa chini ya 40, kifua hakibonyei, anakunywa na anacheza kidogo mchana, subiri kwa amani. Zikifika 40, usingoje kupambazuke.

Wiki ijayo, panapo majaliwa, tutaangalia pumu ya watoto, ugonjwa ambao katika nyumba nyingi bado unaitwa kikohozi.